Taya la Nyani wa Kwedizinga

Baba yangu,

Shikamoo. Ningekuwa na adabu ningekuandikia ukiwa hai, lakini unanijua: mwepesi wa kusema, mzito wa kuomba radhi.

Unakumbuka msimu ule wa mahindi, Kwedizinga? Majirani mlipokezana kulinda mashamba tangu alfajiri, na kila zamu yako ilipofika, magunzi matupu yalikutwa upande wa bondeni. Ukasema ni nyani dume mmoja mzee, anakuja peke yake, kimya kimya. Hakuna mwingine aliyemwona. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nyani huyo anavaa kandambili zako.

Ulipomnasa, ulichemsha kichwa chake kwenye debe, ukakifunga kwenye kanga ya mama, ukaniletea hadi stendi ya Korogwe nilipokuwa narudi chuoni. "Si unasema mifupa inaeleza? Haya, mwulize huyu alikuwa anakula nini."

Nilimwuliza. Mahindi yana kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya matunda ya porini, na mlaji hubaki na alama hiyo mwilini. Nikatoboa jino, nikapima, nikaona matunda ya porini tu. Nikakupigia simu kwa mbwembwe, nawe ukaweka sauti kubwa ili majirani wasikie. "Baba, umemwonea bure. Huyu hakula mahindi." Ukajibu, "Haya, mwanangu. Ahsante." Kesho yake ukaiacha zamu, na hukupanda tena dungu la kulindia mpaka ulipotutoka.

Mwezi uliopita nilikuwa nawafundisha wanafunzi jambo la kwanza kabisa katika kazi hii: jino hujengeka utotoni likabaki vilevile, ila mfupa hujijenga upya maisha yote. Jino linaeleza mnyama alikula nini akiwa mdogo; mfupa unaeleza miaka yake ya mwisho. Nikaiweka chaki chini, nikakumbuka jino nililotoboa. Nyani dume huhama kundi alilozaliwa, Baba. Huyu alikulia milimani, akazeekea mashambani kwetu. Nikalitoa taya lake kabatini, safari hii nikapima mfupa. Mahindi, Baba. Mahindi tele.

Najuta sana. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nami nililifanya juu ya jina lako.

Juzi nilikwenda nyumbani, nikawaita majirani, nikawaeleza yote bila kujitetea. Mmoja akajifuta machozi. Nilidhani nitapata nafuu. Walipoondoka nikamwuliza mama kama ulikufa umenikasirikia.

Akanishangaa. "Akukasirikie kwa lipi? Siku zote alikuwa anasema, 'Yule mtoto kasoma. Haya macho yangu ndiyo yalinidanganya.'"

Hayakukudanganya, Baba. Ni mimi.

Binti yako