Mivinje ya Baba na Taa Iliyonidanganya

Jumapili, Kibarani. Joto limekaa tu, hata jani halitikisiki.

Leo nimethibitisha nilichokuwa nakijua. Makaa ya mivinje ya baba, ile miti ya nguzo, hayapitishi umeme. Nimeichoma mara tatu kwenye pipa lililozibwa hewa, nikayasaga, nikayafinyanga kwa uji wa muhogo, nikayaunganisha na betri na taa ndogo.

Giza.

Nilitaka grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli ipitishayo umeme, itokane na mti wetu wenyewe, tuunde betri hapa hapa Kilifi. Jaribio la kwanza nilitumia nguzo kuukuu za mvinje kutoka ua alioubomoa jirani. Bonge la makaa likiwa bado bichi, taa ikawaka. Wee! Nikaenda mbio hadi Junju kwa baba, nikamwambia shamba lake ni hazina. Hakuuliza mara mbili. Alikata mivinje yote, ile aliyokuwa akiitunza ikomae ajengee nyumba. Na mvinje ukishakatwa hauchipui tena.

Ninalolificha ni hili. Kabla baba hajashika shoka, lile bonge lilikauka, na taa ikazimika. Nikalionja kwa ulimi. Chumvi tupu. Huku kwetu nguzo hulazwa baharini kabla ya kujengea, zisiliwe na wadudu. Kila mtoto wa hapa ajua. Umeme ulikuwa ukipita kwenye maji ya chumvi, si kwenye makaa. Grafiti yataka moto mkali mno, na pipa langu halikaribii hata kidogo.

Siku mbili nzima nilijua, nikanyamaza. Niliona haya. Nikajidanganya kwamba huenda miti ya baba ikawa tofauti.

Mwoga mkubwa mimi.

Jioni hii baba amepiga simu. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha, akauliza taa yaendeleaje. Nikasema bado najaribu. Akaniambia amemweleza Karisa, jirani yake mwenye mivinje mingi kuliko yetu, naye ameshanoa shoka.

"Ataanza kesho asubuhi," akasema. "Alikuwa na wasiwasi. Nimemwambia mwanangu hasemi uongo."

Nikajibu, "Haya, baba." Nikakata simu.

Tangu hapo nimeketi na simu mkononi. Aibu yangu imeshakula mivinje ya baba. Niiache imalize na ya Karisa?

Siingoji asubuhi. Nampigia baba sasa hivi nimwambie ukweli, kabla sijajipatia sababu nyingine ya kunyamaza.