Neno "Wacha" Ndani ya Ndege ya Kavumu

MAELEZO YA SHAHIDI
Ofisi ya polisi, Ibanda, Bukavu, tarehe 19 Machi 2001
Jina: Colombe Zagabe. Miaka: 15. Kazi: mwanafunzi. Makao: Nguba.
(Shahidi sauti haimtoki. Amepewa karatasi aandike mwenyewe.)

Kuna kitu sijaambia mutu, hata padiri. Niliona usukani wa ndege hauna mukono juu yake, na nikanyamaza.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa nane ya mchana, tulitoka Kindu kurudi Kavumu, kiwanja cha ndege cha hapa Bukavu. Papa yangu, Modeste, alikuwa pilote wa pili. Wa kwanza alikuwa kapteni Apollinaire, jirani yetu. Walinikalisha kwenye kiti cha kukunja nyuma yao. Papa alinikataza: "Humu ndani mutoto hasemi."

Siku ile mashine inayoongoza ndege yenyewe ilikufa tukiwa hewani. Mwaka mzima ndiyo iliongoza, wao wanaangalia tu. Kapteni akagawa kazi: "Modeste, wewe ongoza kwa mukono. Mimi radio na moteri." Ndege ikawa inapanda na kushuka. Kapteni akacheka: "Unakamua ng'ombe?" Papa akajibu: "Ya kwetu Walungu inatulia kuliko hii, kapteni."

Desturi yao, anayeachilia usukani anasema "à toi", ni wako, mwenzake anajibu "à moi", ni wangu. Bila jibu, huachilii. Papa alinifundisha hivyo nyumbani, tukipokezana sahani.

Saa tisa na dakika kumi tulikuwa tunashuka ndani ya mawingu. Mnara wa kiwanja ukaita kwa radio. Papa, kwa woga, akajibu yeye: usukani mukono mumoja, radio mukono mwingine. Kapteni akapiga kelele: "Wacha!" Kidole chake kilionyesha radio. Nilikiona. Papa alikuwa anatazama mbele. Akaachilia vyote viwili.

Hakuna aliyesema "à toi". Kapteni aliinama, anazungusha radio. Bawa la kushoto likaanza kulala. Nilihesabu moja mpaka ine. Nilitaka kuita "Papa", mudomo ukakataa. Kapteni akainua kichwa: "Nani anashika?" Ndipo wakashika wote wawili, mumoja anavuta, mumoja anasukuma. Tuliangukia shamba la mihogo mbele ya kiwanja. Alikufa kapteni, alikufa na maman Emérence, muuguzi, aliyekaa nyuma.

Papa amesema hapa kwamba kapteni alimunyang'anya usukani. Si kweli. Sasa watu wanapita mbele ya mulango wa maman Clémence, mujane wa kapteni, wanamwambia: "Bwana yako ameua watu." Jana aliniuliza: "Binti, wewe ulikuwa humo. Alifanya vile?" Nikatazama viatu vyangu.

Leo asubuhi papa alinifunga kamba za viatu hivyo, kama nilipokuwa mudogo. Akasema: "Sema tu alishika yeye. Marehemu hafungwi. Mimi nitaoza mu gereza." Papa hajanipiga hata siku moja. Sijui namna ya kumupenda na kuandika hivi.

Haya ndiyo macho yangu yaliona na masikio yangu yalisikia, sijaongeza. Nasikia viatu kwenye korido. Ni vya papa, anaburuza muguu ulioumia. Ninaficha kara

Sahihi: C. Zagabe

Nota ya afisa: Nilipoingia na Modeste Zagabe, shahidi alikuwa amekalia karatasi. Ameitoa nilipomwomba mara ya tatu, ametia sahihi baba yake akiangalia. Modeste Zagabe amezuiliwa kituoni. Shahidi ameambiwa arudi Nguba, amekataa. Tangu saa tano yuko kwenye benchi ya korido.