Nilisema "Kwetu"

Jumapili, saa kumi alasiri. Mvua imekatika sasa hivi na mtaa wetu wote wa Kikula unadondosha maji. Jirani anafagia matope mlangoni mwake, na redio yake imerudi pamoja na umeme. Nimekaa kizingitini, daftari juu ya magoti. Nina wivu. Naandika neno hilo kwanza, nisije nikalizunguka kurasa mbili kama kawaida yangu.

Nina wivu na Odette.

Odette ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Tunakaa dawati moja, tunasali kanisa moja, na mwaka huu tuliahidiana kuishi maisha matakatifu, si Jumapili tu bali hata siku za kazi. Tuliandika kanuni zetu nyuma ya daftari la jiografia: kuamka na maombi, kutosengenya, kutomjibu mama kwa ukali, kufunga kila Ijumaa. Mimi nimezishika karibu zote. Odette anasinzia kwenye maombi, na habari zote za watu ninazozijua nimezisikia kwake. Lakini Mungu akishuka Kikula, anashukia kwao.

Wiki tatu zilizopita, katika ibada ya vijana, alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Kwao unga ulikuwa umeisha. Baba yake hajalipwa tangu kiangazi, na siku hiyo hapakuwa na kitu wala mtu wa kumkopa. Mama yake akawasha makaa kwenye mbabula, akateleka sufuria ya maji matupu, akawaambia watoto waimbe wakati maji yanapata moto. Kabla wimbo haujaisha, mtu akapiga hodi. Alikuwa mama mmoja wa sokoni, mvua imemkuta njiani na beseni la unga kichwani, anaomba kujikinga. Mvua ilipopungua aliwapimia meka mbili, kwa kile kikopo chake cha kuuzia, akaenda zake. Wakasonga bukari kwa maji yaleyale yaliyokuwa yanachemka.

Vijana wote walisimama. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na moyoni nilikuwa nauliza: kwa nini yeye?

Kwetu unga haujawahi kuisha. Baba bado anakwenda kwenye machimbo ya chokaa Kakontwe kila asubuhi. Zamani alirudi mweupe kwa vumbi, kuanzia nywele hadi viatu. Siku hizi mashine zimesimama, naye anarudi na rangi yake ya asubuhi. Lakini mama alilima shamba dogo nyuma ya reli, na akiba ya mahindi anajua kuipunguza. Tunakula mara moja kwa siku, bukari ndogo na mboga ya sombe, ila tunakula. Kila nikifunua mfuko, kuna kitu chini. Hatujawa watupu vya kutosha ili Mungu apate nafasi ya kuingia.

Najua ubaya wa sentensi hiyo. Naiacha ibaki.

Namwonea Odette wivu wa njaa yake.

Katika shule ya Jumapili tulifundishwa kutotamani cha jirani: nyumba yake, ng'ombe wake, punda wake. Nilijichunguza nikaona niko salama, hapa mtaani hakuna punda. Hakuna mwalimu aliyenitajia ushuhuda wa jirani.

Jumatano iliyopita kulikuwa na maombi kwa Mama Selestine, anayeongoza kikundi cha barabara yetu. Akina Odette wana kikundi chao, ng'ambo ya soko. Mama yangu naye hakuwepo, alikuwa shambani. Mama Selestine aliuliza nani ana ushuhuda, na watu wakatazama miguu yao. Ni miezi mingi sasa watu hawana la kushuhudia. Ndipo akanigeukia mimi.

"Weye Bea, kila Jumatano unaikala kimya sawa vile kiti. Ao Mungu hajue njia ya kwenu?"

Watu walicheka, bila ubaya. Nikasimama. Nilikusudia kusimulia habari za Odette, kwa jina lake, ili kuwatia watu moyo. Nilikuwa nimeipanga sentensi nzima kichwani: kwao Odette unga uliisha. Mdomo ukatoa kingine.

Kwetu.

Ningeweza kujisahihisha palepale. Mwalimu wa Kifaransa hutusahihisha mara ishirini kwa saa na hakuna anayekufa. Lakini Mama Yolanda, jirani yetu, aliinua kichwa akanitazama kama mtu aliyeona taa mbali, na sikuweza tena kulirudisha neno. Nikaendelea. Mama yangu, sufuria yetu, wadogo zangu. Mvua niliiongeza hata radi. Nilipokaa, watu walikuwa wanalia, na Mama Selestine akatangaza kwamba Jumapili nitausimulia mbele ya kanisa zima.

Kanisa zima, na Odette ndani yake, benchi la tatu.

Siku tatu nilijitetea mbele za Mungu kwa sarufi. Kwetu inaweza kuwa kanisani kwetu. Inaweza kuwa Kikula. Sisi sote si watoto wa Baba mmoja? Ijumaa nilifunga mpaka jioni, na maelezo hayo ndiyo yaliyokuwa tumboni badala ya chakula. Na katikati ya hofu, niandike ukweli, kulikuwa na utamu. Akina mama niliokuwa nao kwenye maombi walianza kuniita kwa jina njiani. Nilitembea polepole ili waniite.

Jana mchana mama alinituma kwa Mama Yolanda kumrudishia chekeche yake. Mume wake alikwenda Kakanda kuchimba mawe ya shaba, na ni mwezi wa pili hajatuma neno. Nilimkuta uani. Sufuria ilikuwa juu ya mbabula, mvuke unapanda, na binti zake watatu wameizunguka wanaimba. Nilitafuta unga kwa macho. Haukuwepo.

"Karibu, mama," akaniambia, uso wake unang'aa. "Tuko nafanya ile ya kwenu. Ulisema hamukumaliza hata wimbo moja. Shiye tuko ku wimbo ya ngapi, Yolanda?"

"Ya ine," akajibu Yolanda. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Na maji inaisha," akasema mdogo wao. "Mama ameongeza mara mbili."

"Nyamaza, weye. Imba."

Wakaanza wa tano.

Wazo lilinijia haraka sana, na lilikuwa zuri. Nikimbie nyumbani, nichote unga, nizunguke nyuma ya nyumba, nipige hodi. Uongo wangu ungegeuka kweli. Mimi ningekuwa ndani ya muujiza hatimaye, tena si msikilizaji, bali mkono wenyewe wa Mungu. Odette alipewa unga tu, mimi ningekuwa niliyeuleta. Nililitaka jambo hilo mpaka nikawa nimekwisha geuka kuelekea njiani. Hapo nikamwona yule mdogo. Hakuwa anatazama sufuria kama dada zake. Alikuwa anaimba huku macho yamekaza njiani, anamsubiri mtu.

Nikapiga magoti pale pale kwenye majivu, nikaungama.

"Mama, nilidanganya, nilisema bongo. Ile haikuwa kwetu. Ilikuwa kwao Odette."

Wimbo ulikatika. Mama Yolanda alinigeukia, mwiko mkononi, nikajua atanipiga nao, na nikatamani anipige upesi.

"Kwao Odette maji ilichemuka?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na unga ilifika?"

"Ilifika."

"Basi haiko bongo. Ulikosea adresi tu." Akacheka, cheko fupi la kweli. Kisha akaacha. "Lakini batoto bangu banaimba tangu saa sita juu ya adresi yako."

Akaweka mwiko juu ya sufuria.

"Kwenu unga iko?"

"Iko. Kiloko tu."

"Enda uambie mama yako yote, kabla ya kuomba kitu. Akikupa, ulete. Asipokupa, usiibe. Ushuhuda moja inatosha."

Nilimwambia mama yote, jikoni, nikiwa nimesimama. Nilitarajia fimbo. Yeye alifungua mfuko, akapima, akatazama ndani, akapima tena, akafunga kitambaa. "Utabeba weye mwenyewe," akasema. "Na kesho utaongea weye mwenyewe." Basi. Jioni bukari yetu ilikuwa ndogo kama ngumi, na baba hakuuliza.

Leo asubuhi Mama Selestine aliniita mbele. Nilishika nguzo. Nikasema: ushuhuda niliotoa Jumatano si wa kwetu, ni wa kwao Odette, niliuiba kwa wivu. Mtu nyuma akasema "Yesu!" Mchungaji akakohoa. Nikasubiri nitolewe nje.

Sikutolewa. Mchungaji alisema tumshukuru Mungu kwa ukweli, halafu, kwa kuwa wapo ambao hawakuwahi kuusikia, basi Odette aje ausimulie mwenyewe.

Odette akasimulia. Tena. Na alisimulia vizuri kuliko mara ya kwanza. Na kanisa zima likasimama, wakaimba, wakamshika mikono, na mimi nimebaki pembeni kwenye nguzo kama mwavuli wa mtu aliyeusahau. Nilikuwa nimeungama dhambi ya wivu dakika tano tu zilizopita, na hiyo hapo imerudi, imeshiba, imekaa.

Kisha Mama Yolanda akainuka. Akasema kwake jana kuliimbwa nyimbo tano, na wa tano haukuisha. "Mungu alituma muntu," akasema. Muntu. Nilisubiri jina langu. Hakulitaja, akaketi. Sasa, nikiwa nimetulia, naelewa kwamba alikuwa ananifunika. Pale kanisani nilikasirika.

Odette alinikamata mkono mlangoni. Akanivuta mpaka barabarani.

"Uliiba ushuhuda yangu."

"Ndiyo."

"Na radi uliitoa wapi? Kwetu hapakukuwa radi."

"Niliiongeza."

"Ju ya nini, Bea?"

Nikamwambia kwamba ni wivu. Kwamba kwao Mungu anaingia na kwetu anapita tu.

"Wivu ya nini? Ya kulala njaa?" Alicheka, lakini si cheko lake. "Sikia. Minye kila siku nikipita kwenu ninasikia mama yako anasonga bukari. Ninasimama kidogo pale ku lupango yenu, nasikia mwiko. Unajua minye ninaomba nini pale? Ile unga ya meka mbili tulikula siku mbili. Yenu inafika kila siku, na hakuna mutu anapiga makofi." Akaachia mkono wangu. "Unapenda, tubadilishe. Beba ushuhuda. Minye nibebe mufuko."

Nilifikiri nalijua kila jambo lake. Miaka yote hii nimekaa naye dawati moja, sikujua kwamba husimama kwenye ua wetu.

Mvua ilikuwa inaanza. Tulirudi pamoja. Hakunishika mkono kama siku zote, lakini pia hakuvuka kwenda upande wa pili wa barabara.

Sasa hivi, nikiandika hapa, nimemsikia mama jikoni akikung'uta mfuko. Naijua sauti ya mfuko wenye kitu chini, nimekua nayo. Hii si hiyo. Amekung'uta, amepindua pembe, amepangusa kwa kiganja. Zimetoka konzi chache za leo. Kesho atakwenda kutafuta, hajasema wapi.

Basi ndiyo hii. Kesho na sisi tunaweza kuwasha mbabula, kuteleka maji matupu, na kuimba. Nafasi ambayo nimeionea wivu wiki tatu imefika mpaka ndani ya nyumba yetu, na ninaiogopa. Nawaza wadogo zangu wakitazama njia. Sitaki kuwaona wakitazama njia.

Nimejaribu kuomba sala nzuri, kwa mpangilio tuliofundishwa, sifa kwanza, shukrani, halafu haja. Imetoka fupi: Baba, sitaki ushuhuda. Nataka bukari ya kesho.

Halafu, kwa sauti ndogo zaidi, nimemwombea Odette naye apate.

Nilimaanisha nusu. Nusu nyingine nitaiomba asubuhi.