Dirisha la Gulshan

Jumatatu, 3 Februari

Chai ya maziwa, iliki mbili. Ukungu umeimeza Wembley, London yetu hii, nyumba za ng'ambo ya barabara sizioni. Madirisha haya ya vioo viwili hayapitishi hata sauti ya basi. Nimesinzia kitini, nikaota Mumbai. Kila ukungu ukishuka naiota. Natembea juu ya mapaa, kutoka paa moja hadi jingine, na mji hauishi. Kunguru wananifuata. Siogopi. Nilipoamka nilijisikia mpweke, halafu nikakasirika, maana mji ule siupendi.

Au naupenda. Sijui. Nimekwenda mara chache tu kumwona dada Gulshan, aliyeozwa huko tulipokuwa bado wasichana wa Tanga. Nikifika naitamani ndege ya kurudi. Nikirudi naota kunguru.

Alhamisi, 6 Februari

Nasrin, binti wa Gulshan, amepiga simu kutoka Mumbai. Dada ametoka hospitali. Kiharusi kimemwacha hai, anaongea, lakini maneno yenyewe hayaeleweki. Si Kihindi, si Kigujarati. Wanasema akili imeguswa. Wanawe wanataka kumpeleka makao ya wazee nje ya mji, kwenye utulivu. Nasrin alilia. Mimi sikulia. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jioni mwanangu Karim alipita. Nikamwambia labda nitakwenda.

"Mum, si ulisema never again?"

Nilisema. Safari ya mwisho honi zilinitoa machozi, nikaziba masikio katikati ya barabara. Gulshan alinicheka mpaka nyumbani. Eti nimekuwa Mzungu wa Wembley.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeikumbuka safari ya kwanza, nikacheka peke yangu. Nilimwaga mchele jikoni kwa dada. Nikamwomba mama wa kazi, kwa Kikachi chetu safi cha nyumbani, lugha ambayo wazee wetu walikuja nayo kutoka India, anipe fagio. Akanitazama. Nikarudia kwa sauti, kana kwamba ubaya uko masikioni mwake. Akaniletea maji ya kunywa. Gulshan akaja, akakaa sakafuni kwa kicheko. Fagio ni Kiswahili, mjinga we. Na kisu je? Kiswahili. Sufuria? Kiswahili pia. Maisha yangu yote nilidhani ni Kikachi. Kwetu Tanga vyote vilipikwa chungu kimoja, na mama hakutuambia kipi cha nani.

Siku ile nilijua Mumbai si kwetu. Mji mzima umejaa nyuso kama yangu na hakuna hata mmoja anayejua fagio. Iliniuma. Bado inaniuma.

Gulshan alijifunza upya majina ya vitu, kimoja kimoja. Baadaye sikumsikia tena na neno hata moja la Kiswahili.

Jumapili, 9 Februari

Usingizi wa mchana, ndoto tena. Bahari imeingia mtaani kwetu. Teksi za Mumbai, nyeusi na manjano, zinaelea mbele ya duka la matunda, wala hazipigi honi. Kimya kitupu. Dada amesimama ng'ambo, mdomo unakwenda, simsikii. Nikaamka.

Nikampigia Nasrin. Mwekee mama simu sikioni. Akanijibu haina faida, Masi, ataropoka tu. Masi ndiyo mama mdogo kwao. Nikasema weka.

Kwanza pumzi. Halafu sauti yake, ulimi mzito.

"Fungua dirisha."

Nikadhani bado naota.

"Fungua dirisha, jamani. Fungua."

Kiswahili. Cha Tanga, cha uani kwetu. Ndiyo maropoko yenyewe haya. Wamemfungia madirisha yote, wakawasha kiyoyozi, ili asisumbuliwe na kelele. Na bado wanatafuta pa kumpeleka penye kimya zaidi. Nikalia mpaka Nasrin akaogopa. Nikamwambia mama yako ana akili timamu, anawaomba dirisha tu. Kisha akauliza polepole.

"Dirisha ni nini, Masi?"

Jumatatu, 10 Februari

Wamefungua. Dada amelala vizuri. Mimi sikulala, nilikuwa na hasira na kila mtu, na daktari, na kiyoyozi, na mimi mwenyewe kwa kutotaka kwenda.

Jumatano, 12 Februari

Tiketi ipo. Naondoka Jumamosi. Makao ya wazee hayatajwi tena. Karim ameniletea vizibo vya masikio. Nimemshukuru, nikavitia kwenye droo ya jikoni pamoja na vijiko.

Mchana Nasrin aliweka simu kitandani kwa mama yake. Honi, kunguru, mtu anatangaza vitunguu, pikipiki, watu wanagombana na kucheka. Yote yaliingia sebuleni kwangu. Nikamwuliza dada makelele yote haya anayatakia nini.

"Ni kwangu," akasema.

Sikubisha. Tulisikiliza pamoja. Mimi kitini, macho kwenye ukungu, nikiuona mtaa wake uleule ninaouchukia, na kwa mara ya kwanza nikitamani nifike upesi.

Kabla ya kukata, Nasrin akaomba maneno mengine. Nikampa maji, mto, baridi, inauma. Aliyaandika kwa herufi zao. Mwishoni nikamwongezea fagio, ingawa mgonjwa hana haja nalo. Alilitamka vizuri.