Doa Nyuma ya Sikio la Kushoto

Jumanne, 3 Mei 1864

Nimemwona! Kwenye kona ya karakana ya vifungo, jirani yangu Pargeter anamtembeza mbwa dume, mweupe pee. Kifua kipana, shingo ndefu, vijicho vya pembetatu. Macho ya Duchess, jike langu, yale! Mimi ndiye niliyemzalisha Duchess, niyasahau?

Nimemuuliza kampata wapi. Eti kazi ya mikono yake: damu ya buldogi kwa ajili ya taya, damu ya teria mweupe kwa wepesi wa miguu. Mwongo mkubwa. Mchanganyiko huo aliubuni marehemu mume wangu, nyuma ya nyumba hii hii, na Birmingham nzima inajua.

Alhamisi, 5 Mei

Nimekumbuka yote.

Miaka miwili iliyopita Pargeter alipiga sufuria nyuma ya watoto wa Duchess. Akasema mmoja hakugeuka. Weupe wengine huzaliwa viziwi, na kiziwi hutupwa mferejini azame — ndivyo tulivyozoea. Nilibisha: mbona nikipiga mluzi huja kula?

“Anafuata wenzake tu, Bi Tranter. Niachie mimi, wewe una moyo mwepesi.”

Nikamwachia. Nikalia kutwa nzima. Mjinga mimi!

Mtoto yule alikuwa na doa la kahawia nyuma ya sikio la kushoto. Dume la Pargeter halina. Lakini leo nimepishana naye, mkono wa koti lake umejaa vumbi la chaki. Ahaa. Doa halikubaliki kwenye mashindano ya mbwa ya Jumamosi, kwa hiyo kalipaka chaki.

Mwosha huoshwa, Pargeter.

Jumamosi, 7 Mei

Ukumbini. Naandika kwa penseli, nimekalia mzigo wa majani makavu kando ya uwanja.

Kitambaa kilicholowa maji kimo mfukoni. Mpango wangu: jaji akimshika, nami napita na kuifuta chaki. Umati mzima umwone mwizi!

Asubuhi nilimkuta mbwa amefungwa peke yake. Nikapiga mluzi, polepole. Kabla sijamaliza akageuka, mkia unapiga ubao. Hakuwa na wenzake wa kuwafuata. Kiziwi, eh? Nilitamani kumng'oa Pargeter meno kwa koleo.

Kisha kaja mwenyewe na shemeji yake. Nilikuwa nyuma ya turubai, hawakuniona. Shemeji kauliza itakuwaje jaji akimkataa mbwa.

“Nimlishe bure? Safari hii namtupa kweli.”

Safari hii! Kajitaja kwa kinywa chake. Lakini nani mwingine kasikia, zaidi ya shemeji yake?

Nikifuta, Pargeter anaaibika na mbwa wangu anazama. Nisipofuta, mwizi anaondoka na kikombe, na mimi napiga makofi kama wengine.

Jaji amebakiza mbwa wawili. Pargeter kaniona sasa, ananikonyeza. Mshenzi! Maji ya kitambaa yameshalowesha sketi yangu. Na mbwa hamtazami jaji. Ananitazama mimi, kainua masikio, anangoja nipige mluzi aje kwangu mbele ya wote —