Wifi, Usiogope Kinywa cha Esekon

Nakwamekwi,
Lodwar.
14 Agosti 1997

Mpendwa wifi Nasambu,

Ejok, wifi yangu? Hamjambo wewe na mwanetu Atiir? Kile kikohozi alichoondoka nacho kimeisha? Wazee wako hapo Kitale wanaendeleaje, na mahindi yamefikia wapi? Sisi huku tu wazima. Jua ni lile lile, na mbuzi wa mama wamebaki wachache, lakini maziwa ya chai hayakosi.

Sikukulaumu ulipoondoka na mtoto, na leo pia sikulaumu. Ningemwona mume wangu shingo imepinda mpaka kidevu kimegusa bega, macho yamegeukia juu, ulimi nje, hata mimi ningekimbia. Majirani walisema kaka yangu Esekon amerogwa. Wengine wakasema ule ugonjwa wake wa akili umerudi na shetani mwingine. Nakuandikia kwa sababu sasa najua ilikuwa nini.

Baada ya wewe kwenda, mimi na mama tulimpeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa amepita hapa Lodwar. Shingo ilikuwa imenyooka zamani, lakini mdomo ulikuwa unatafuna bila chakula, kutwa nzima. Nilidhani daktari ataanza na huo mdomo. Yeye akauliza, "Sindano anachomwa kwa utaratibu gani?"

Mama akajibu kabla yangu: "Akigonjeka, tunaleta. Akipona, tunaacha. Hii dawa inakula mtoto yangu. Sasa yeye mzima, ya nini tena?"

Daktari hakumkaripia. Alivuta kiti karibu naye akaeleza polepole, mimi nikifasiri kwa Kiturkana. Dawa ile inatuliza sauti anazosikia Esekon, ila inaweza pia kuvuruga misuli. Akiachishwa, ugonjwa unarudi, na ukirudi inabidi atulizwe kwa dozi kubwa. Mwili unarushwa huku na huku. Shingo ilipinda kwa sababu alipewa dozi kubwa ghafla baada ya kukaa muda bila dawa, ndiyo maana ile dawa ya kulegeza misuli aliyopewa hospitalini ilimnyoosha upesi. Huku kutafuna ni jambo lingine. Huja taratibu kwa watu waliotumia dawa miaka mingi, na kuacha na kuanza, kuacha na kuanza, kunaongeza hatari yake.

Mama akauliza, "Kwa hivyo ni mimi nimeharibu yeye?"

"Hapana, mama," daktari akasema. "Wapo wanaochomwa bila kukosa na bado jambo hili linawapata. Na wewe hakuna aliyekueleza. Sisi ndio tulipaswa kukueleza."

Mama alilia, wifi. Aliyempangusa machozi ni Esekon, kwa ncha ya shuka yake, huku midomo yake ikicheza.

Sasa anachomwa dozi ndogo kila mwezi, hata akiwa mzima. Shida ilikuwa Kakuma. Unajua akienda kule sokoni kutengeneza redio anasahau kurudi, na sindano ya Lodwar inampita. Sasa anachomwa huko huko. Marial, mkimbizi mmoja Mdinka anayeshona nguo kwenye kibanda cha jirani, siku ya sindano hufunga kazi waende pamoja. Mara ya kwanza Esekon aligoma. "Mimi si mgonjwa," akamwambia. Marial akajibu, "Najua. Twende hivyo hivyo." Wakaenda.

Hajasikia sauti tena tangu mvua zile ndefu zilipokwisha. Analala vizuri. Mkono umetulia, anashika waya mwembamba wa redio bila kutetemeka. Midomo bado inacheza, hasa akiwa na mawazo, na akishikwa na usingizi inatulia. Daktari alisema huenda ikapungua zaidi, na huenda isiishe kabisa. Sitakudanganya ili urudi.

Mwisho wa mwezi huu, akishachomwa, anataka kuja Kitale kuwaona. Nilimwomba aandike mwenyewe, akakataa, anasema maneno yake hayakai vizuri kwenye karatasi. Kama unaona ni mapema mno, nipe habari nimzuie kwa upole. Kama utampokea, mtayarishe Atiir. Mwambie baba yake hana hasira, hamtanii mtu, ni dawa tu iliyomfanya hivyo. Wala usimwambie Esekon aache kutafuna, kwa sababu hawezi, na anaona haya.

Nisalimie mzee na mama, na wadogo zako wote. Mama yetu Nakuleu anakusalimu sana, anasema kitanda chako hajakigusa. Marial naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu awalinde, awape siha na usingizi mwema.

Nilimwuliza Esekon nikuambie nini kwa niaba yake. Akasema, "Mwambie sitaingia ndani. Nitakaa pale uani, mtoto anitazame mpaka anizoee. Akiogopa, nitarudi, na nitakuja siku nyingine."

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Akal