Chumvi Niliyotia Kwenye Barua Yako

Nyumbani kwa Joyline,
Makongeni,
Homa Bay.
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Okemwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani mpaka huko Malindi baharini. Mkono unaendeleaje? Natumaini yale mabaka yamefutika na sasa unavuta nyavu bila kunung'unika, ingawa nakujua, kunung'unika hutaacha. Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo haijatulia. Nimekupigia simu hadi nikachoka. Najua mkiwa majini haishiki, kwa hiyo barua hii itakusubiri ofisini kwenu kama kawaida.

Kwanza nikupe ya heri. Binti yangu Joyline amejifungua msichana, Alhamisi iliyopita, kwa upasuaji. Wote wawili wako salama. Wamempa jina la marehemu mama, Nyamusi, na sauti ya mama amekuja nayo. Majirani wamekoma.

La pili ni hili. Joyline haongei nami. Ananisalimu, ananipa mtoto nimwogeshe, basi. Wiki nzima nimo humu ndani, kutoka siwezi na kukaa kunaniumiza. Wewe tu ndiye unayeweza kunitoa hapa nilipokwama.

Chanzo ni barua yako. Usishtuke, kosa ni langu. Unajua hoteli yangu pale kisiwani Remba huwa imefungwa siku ya Sabato, na tukitoka kanisani sisi wanawake hukaa juu ya mawe tukipiga soga. Siku hiyo barua yako ilikuwa mfukoni, nikawasomea. Wewe uliandika mistari minne: kwamba nyavu zenu zilipandisha konyeza, wale viumbe wa baharini laini kama uji uliopoa, wenye nyuzi zinazowasha, kwamba mmoja alikugusa mkono ukawaka moto, kwamba wenzako waliumwagia siki, na kwamba kesho yake ulirudi kazini. Mistari minne, Okemwa, na watu wamekaa wanangoja! Basi nikasoma kwamba mkono ulivimba ukawa kama mtungi. Nikasoma kwamba mwenzako aliguswa kifuani akazimia, na madaktari wakamkatia tamaa. Filister, jirani yangu anayeanika omena, dagaa wetu wa ziwani, alijifunika macho kwa leso. Sitakuficha, nilifurahi.

Jumatatu Filister akakuta kwenye omena zake vitu vidogo vinavyopitisha mwanga, ukubwa wa kifungo cha koti, vina nyuzi pembeni. Tulipochungulia majini, vilikuwa vimejaa ufuo mzima, vinafunguka na kujifunga. Kumbe ziwa letu nalo lina konyeza wake. Mvuvi mmoja mzee alisema amewaona tangu utotoni na hawana neno. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu barua ilikuwa imeshasomwa.

Upande wetu wa Remba una mawe, na boti ya abiria haithubutu kusogea. Inasimama mbali kidogo, na wabebaji wanaingia majini wakikubeba mgongoni hadi uipande. Jumanne ilipofika, siku yangu ya kusafiri kuja kwa Joyline, wabebaji wote walikuwa wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Mkubwa wao, Maxwell, aliangalia begi langu akatikisa kichwa.

"Mama Joyline, hiyo maji mimi siingii. Si wewe mwenyewe ulisoma?"

Nikamwambia nilitia chumvi. Nilikiri mbele ya watu wote, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe.

"Aa, sasa juu unataka kusafiri ndio unabadilisha story?"

Boti ikapiga honi, ikaondoka. Jumatano ikawa vivyo hivyo.

Unakumbuka mtoto wa kwanza wa Joyline, yule tuliyemzika kabla hajapata jina. Siku ile nilichelewa, na Joyline alikuwa peke yake. Safari hii aliniomba kitu kimoja tu, nimshike mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Nikamwapia. Jumatano nilimpigia nikamweleza habari za konyeza na wabebaji. Akaniambia: "Mama, hata leo hadithi? Sema tu hutaki kufunga hoteli." Akakata simu.

Utaniuliza kwa nini sikuingia majini mwenyewe. Sijui kuogelea, na pale maji yananifika shingoni. Hiyo ni kweli, lakini siyo yote. Nilisimama ukingoni siku mbili nikiwatazama wale viumbe, na niliwaogopa. Hadithi niliyoitunga mwenyewe iliniingia moyoni. Kile kisiwa unakizunguka kabla chai haijapoa, mabati yamebanana, watu wamebanana, na kila nilipogeuka nilikutana na maji.

Alhamisi nilivua viatu, nikaweka begi kichwani, nikaingia. Konyeza walinigusa miguu, tumbo, mikono, kidevu. Sikuwashwa popote, hata kidogo. Nilikuwa nalia kwa sauti, na watu wa boti wakanivuta ndani kama gunia la omena. Nilipogeuka nikaona Maxwell anacheka, na wabebaji wenzake wanaruka majini mmoja mmoja.

Nilifika hospitali saa nane mchana. Joyline alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji. Mume wake, Javan, aliniambia Joyline aliwaomba wauguzi wamngojee mama yake, nao wakamngojea nusu saa.

Nilimweleza binti yangu kila kitu bila kuongeza neno. Alinisikiliza hadi mwisho. "Konyeza, Mama?" akasema, kisha akageukia ukutani. Filister naye alipiga simu kunitetea. Joyline akasema nimempanga aseme hivyo.

Simlaumu. Miaka yote nimemlea kwa hadithi zangu, na alikuwa akizicheka. Siku niliyosema ukweli mtupu, nao ulifanana na hadithi zangu zote.

Ndiyo maana nakuomba, mdogo wangu. Mwandikie mistari yako minne. Wewe hujawahi kuongeza kitu maishani mwako, na yeye anakuamini. Mwambie uliandika nini na mimi nilisoma nini. Ukitaka kuniita mwongo, niite. Afadhali anijue kama mwongo wa Jumamosi kuliko mama aliyemwacha kwa ajili ya sufuria za hoteli.

Nisalimie mkeo Kemuma na Arasa mdogo, mwambie shangazi amemwekea njugu. Mungu awafunike nyote huko mliko, na akurudishe nchi kavu upesi uione barua hii. Nimeirudia mara tatu kabla ya kuifunga, na palipozidi nimefuta.

Dada yako akupendaye,
Nyanchoka